Mobius: Gari Lililokusudiwa Njia za Vumbi

Mwanafunzi wa Kiswahili amezoea kusoma juu ya gari kama ishara ya anasa na ubinafsi. Historia ya Mobius inalitazama gari kwa jicho jingine, kwani mwanzilishi wake, Mwingereza Joel Jackson, alisukumwa na taabu ya uchukuzi aliyoishuhudia mashambani nchini Kenya. Kufikia mwaka 2014 kampuni ilikuwa ikiuza Mobius II kwa shilingi 950,000.

Sehemu za Kitui na Makueni ni mizani nzuri ya kulipimia wazo hilo. Kwa muda mrefu wa mwaka, mito kama Tiva na Thwake huwa mchanga mtupu. Mvua za vuli zinaponyesha, ambazo ndizo tegemeo la mkulima wa Ukambani, mchanga huo hugeuka maji yaendayo kasi. Njia ya kutoka shambani hadi soko la Mutomo au Wote huwa ya makorongo na vumbi, na atakaye kuisafiri kila siku huhitaji chombo kigumu.

Mobius II ilijibu haja hiyo kwa kupunguza mapambo. Kiunzi chake kilikuwa cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa, tumbo lake liliinuliwa juu ya mawe, na ndani hamkuwa na kiyoyozi. Hata hivyo, injini iliendesha magurudumu ya nyuma pekee. Uamuzi huo ulipunguza gharama, lakini aliyewahi kukwama katikati ya mto wa mchanga atauliza maswali.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa sokoni. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika, mradi yasizidi umri wa miaka minane. Ndiyo maana Probox, gari dogo la Toyota, limetamalaki Ukambani: vipuri vyake vinapatikana karibu kila mji, fundi wa chini ya mwembe analifahamu, na dereva hugawana kiti chake na abiria bila haya. Kiwanda kinachounda magari machache hakiwezi kushindana kwa urahisi na mtumba wa namna hii. Toleo jipya la mwaka 2018 lilifikia shilingi milioni 1.3, na Mobius III iliyofuata ilikuwa ghali zaidi. Mwanakijiji aliyekusudiwa hapo awali akawa ameachwa nyuma.

Nyayo Pioneer lilikuwa limetangulia katika njia hiyo. Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kulibuni mwaka 1986, na magari ya majaribio yakazinduliwa mwaka 1990, lakini halikuuzwa kamwe. Mobius angalau iliwafikia wanunuzi. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kwamba itafilisiwa; mwezi huohuo ikasemekana mnunuzi amepatikana.

Hata hivyo, si haki kuitwika kampuni hii mzigo wote. Desemba 2021 basi lilisombwa na maji katika mto Enziu, karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Basi hilo halikukosa nguvu. Pale palihitajika daraja, na daraja haliundwi katika kiwanda cha magari.