Dakika Tano za Umri

Mtu aliyezoea kuiona michezo ya kompyuta mikononi mwa vijana, wanapokesha wakipigana vita visivyo na maiti na kusakata mpira usio na jasho, huona taabu kusadiki kwamba ala hiyohiyo yaweza kubeba msiba wa mzazi aliyefiwa na mwanawe, au mashaka ya mume na mkewe, au fadhaa ya mtu anayekaribia umri wa miaka 30 na kuanza kuhesabu kilichobaki. Walakini kwa muda wa karibu miaka ishirini sasa wametokea, pembezoni mwa biashara kubwa ya michezo hiyo, watunzi wanaofanya kazi peke yao au wawili wawili, bila kampuni ya kuwaajiri wala bwana wa kuwaamuru, ambao huitumia ala hii kwa muradi huo. Michezo yao ni mifupi, aghalabu haina mshindi, na mingi hutolewa bure.

Swali linaloulizwa kwanza juu ya fani hii ni la haki: ikiwa mtu ana jambo la moyoni, kwa nini asilitungie shairi, au asiliandikie hadithi, fani ambazo zimekwisha kupevuka na zina wasomaji wake? Jawabu ni kwamba mchezo una kitu ambacho shairi na hadithi hazina, nacho ni kanuni, yaani sheria aliyoiweka mtunzi, ambayo kwanza humpa mchezaji hiari ya kutenda, kisha humrudishia matokeo ya hiari yake, yawe matamu au machungu. Msomaji wa riwaya humwona mtu mwingine akichagua na akilipa. Mchezaji huchagua mwenyewe na hulipa mwenyewe. Kwa sababu hiyo mtunzi wa michezo ya nafsi hatafuti kisa cha kusimulia. Hutafuta, ndani ya maisha yake, ile kanuni iliyokuwa ikimwendesha bila ya yeye kuitambua, akaitoa nje na kuiweka mkononi mwa mtu asiyemjua.

Mfano ulio bayana kuliko yote ni mchezo uitwao Passage, uliotungwa mwaka 2007 na Mmarekani Jason Rohrer. Aliutunga kwa ajili ya maonyesho yaliyoandaliwa na kikundi cha Kokoromi mjini Montreal, Kanada, ambayo sharti lake lilikuwa kwamba picha ya mchezo isizidi nukta 256 kila upande. Nukta hizo ndizo ziitwazo pikseli, na hata wakati ule kiasi hicho kilikuwa kidogo mno. Rohrer, ambaye alikuwa yu karibu kutimiza miaka 30, hakutosheka na udogo huo, bali aliupunguza zaidi akabaki na ukanda wa pikseli 100 kwa urefu na 16 tu kwa kimo. Msomaji anayejua ushairi wetu hatakosa kutabasamu, kwa kuwa mshororo wa shairi la kawaida nao una mizani 16. Hiyo ni sadfa tu, lakini mshairi hahitaji kuelezwa jinsi kibano kinavyomlazimisha mtu kutupa kila neno ambalo halina kazi.

Mchezo huchukua dakika tano. Kijana mwenye nywele za manjano husimama upande wa kushoto wa ukanda, na mbele yake, kuelekea kulia, nchi imelala ndefu lakini ya ukungu, kama yalivyo mambo yajayo. Kadiri dakika zinavyopita, yeye mwenyewe husogezwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia kwa ukanda, hata akisimama tuli. Na kwa hiyo upeo wa mbele hufupika na upeo wa nyuma hurefuka, mpaka anapokuwa mzee hana cha kutazama ila alikotoka. Nywele zake hupungua, hugeuka mvi, mgongo huinama. Karibu na mahali pa kuanzia yupo mwanamke, na mchezaji akimgusa, moyo huonekana na wawili hao huandamana tangu hapo. Hakuna amri ya kumgusa, wala adhabu ya kumpita.

Hapo ndipo kanuni inapoanza kusema. Upande wa chini wa nchi ile umejaa vichochoro na vizuizi, na humo yamefichwa masanduku, mengine yana hazina na mengine ni matupu. Vichochoro vingi vina upana wa mtu mmoja. Aliye na mwenzi hawezi kupita, na sanduku analiona kwa macho pasipo kulifikia. Mseja hupita bila tabu. Lakini aliye na mwenzi, kila hatua anayokwenda mbele kuelekea nchi mpya humpatia alama maradufu. Ndani ya mchezo mtunzi hakuandika hata sentensi moja kuhusu ndoa, ila ameweka mizani na kumwachia mchezaji apime: ukichagua hili, utazuiliwa na lile, na muda unakwenda. Kisha, mchezo unapokaribia kuisha, mwenzi hufa, na mahali alipokuwa husimama kaburi. Aliyebaki hutembea kwa kujikokota. Na baada ya kitambo kidogo naye hufa, pamoja na alama zote alizokusanya. Hakuna mbinu ya kuahirisha. Mchezaji hodari na mchezaji mzembe hufikia siku moja.

Mwaka 2012 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, lijulikanalo kwa ufupi kama MoMA, lilipoingiza michezo ya kompyuta katika hazina yake kwa mara ya kwanza, lilichukua michezo 14, na Passage ulikuwa mmoja wao, ukikaa pamoja na Tetris na Pac-Man. Wapo waliocheka kuona kikaragosi kisicho na uso kikipewa adhama hiyo. Mimi naona ufukara wa picha ile ni sehemu ya nguvu yake, kwani uso usio na sura kila mtu huweza kuuvaa, ilhali Rohrer mwenyewe alivichora vikaragosi hivyo kwa kujifikiria yeye na mkewe.

Mwaka huohuo wa 2007 Rod Humble, aliyekuwa mkubwa katika utengenezaji wa The Sims, alitoa kazi yake ya faragha iitwayo The Marriage, ambayo ndani yake hakuna binadamu kabisa: kuna mraba wa buluu, mraba wa waridi, na duara zinazopitapita. Mchezaji husogeza kipanya tu, bila kubofya, na miraba hukua, hupungua, hukaribiana au hufifia, kwa hesabu ambayo mtunzi aliikusudia iwe mfano wa ndoa yake mwenyewe. Ni jaribio la kijasiri, nami naliheshimu kuliko ninavyolipenda, maana Humble alilazimika kuandika maelezo marefu ya kanuni zake, na bila ya maelezo hayo wengi hawaambulii kitu. Kanuni tupu, isiyo na alama hata moja ambayo macho ya mgeni yanaijua, hubaki siri ya aliyeitunga.

Kinyume chake ni kazi ya Ryan Green na mkewe Amy, wa Marekani, ambao mtoto wao Joel alionekana kuwa na saratani ya ubongo akiwa na umri wa mwaka mmoja. Baba alianza kuutunga mchezo pamoja na wenzake wachache wakati mtoto yu hai. Joel alifariki Machi 2014, akiwa na miaka mitano, na mchezo ukatoka Januari 2016 kwa jina la That Dragon, Cancer. Humo mna sauti za wazazi, mna dua, mna maneno mengi kuliko Passage. Lakini sehemu iliyo kiini chake ni usiku mmoja hospitalini, ambapo mchezaji huwa baba na mtoto analia kwa kiu asiyoweza kuikata. Umpe kinywaji, hakikai; umbebe, analia; utembee naye chumbani, analia. Kila kitufe kinatii na hakuna kitufe kinachofaa. Wacheza michezo wamelelewa katika ahadi kwamba kila kufuli iliyowekwa mbele yao ina ufunguo mahali fulani, seuze kufuli iliyowekwa na mtunzi mwenye huruma. Na Green, kwa kuivunja ahadi hiyo kwa makusudi, amewafikishia watu katika vidole vyao ule unyonge wa mzazi. Mwisho baba huomba, na kilio hukoma. Kwa asiye na imani, mahali hapo pana mjadala. Kwangu mimi ni ushahidi wa uaminifu, kwa sababu hivyo ndivyo usiku wenyewe ulivyompitia.

Nimesema juu ya uaminifu, na sina budi kusema juu ya kasoro iliyo nyingi katika fani hii. Watunzi wengi wanaoanza huchukua kanuni kongwe, ya kurukaruka juu ya vidaraja au ya kukimbia maadui, kisha hubandika juu yake maandishi ya huzuni yao, adui akaitwa Upweke na kidaraja kikaitwa Tumaini. Maandishi yanalia, na vidole vinafanya kazi ileile ya kila siku. Mchezaji huyaruka maandishi ili aendelee na kurukaruka, na hana kosa, kwa kuwa mtunzi mwenyewe amemwonyesha yaliko mambo yenye uzito.

Kuhusu riziki, hali si ya kujivunia. Tale of Tales, yaani Auriea Harvey na Michaël Samyn, waliokuwa wakifanya kazi Ubelgiji, walitoa mwaka 2008 The Graveyard, ambamo kikongwe hujikongoja makaburini, huketi juu ya benchi, wimbo huimbwa, kisha hutoka. Toleo la bure na toleo la dola tano hayakutofautiana ila kwa jambo moja, kwamba katika lile la kulipiwa bibi huyo aweza kufa. Na sijui mzaha mwingine juu ya biashara uliokuwa mkavu kuliko huo. Miaka saba baadaye walijaribu kuwafuata wanunuzi kwa mchezo mkubwa zaidi, Sunset, wakauza nakala zipatazo 4,000, wakatangaza kuiacha biashara ya michezo. Akina Green nao walieleza hadharani mwaka 2016 kwamba watu wengi walikuwa wameutazama mchezo wao wote kwenye YouTube badala ya kuununua. Mtazamaji, bila shaka, alilia. Ila hakujaribu kumnywesha mtoto kwa mkono wake, na hiyo ndiyo hasara ambayo haimo katika hesabu ya fedha.

Kwa hiyo kinachomfaa mtunzi wa peke yake ni kupunguza gharama kuliko kungojea faida, na siku hizi hilo lawezekana. Twine, aliyoitoa Chris Klimas mwaka 2009, ni programu ya bure ya kutunga masimulizi yenye njia panda, nayo haidai ujuzi wa msimbo, wala haijali umeandika Kiswahili au Kifaransa. Godot, ambayo msimbo wake umekuwa wazi kwa wote tangu mwaka 2014, hutosha kwa michezo ya picha. Mahali pa kuiweka kazi ni itch.io, iliyofunguliwa mwaka 2013, ambapo mtunzi hupanga bei mwenyewe, hata ikiwa sifuri, na mnunuzi ana ruhusa ya kuzidisha. Kompyuta yenyewe ndiyo ghali. Lual Mayen, mtoto wa wakimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekulia katika kambi kaskazini mwa Uganda, aliwekewa akiba na mamake kwa miaka mitatu hadi zikapatikana dola 300 za kompyuta mpakato, na kwa chombo hicho alijifunza mwenyewe na kuutunga Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayehitaji maji, chakula na dawa ili aendelee na safari.

Atakayetaka kujaribu asianze kwa kujiuliza yaliyompata, kwa maana hayo yatamletea hadithi. Ajiulize alikuwa na uwezo wa kufanya nini, na ni nini kilichokuwa kikipungua kila alipokifanya. Tuchukue kijana wa Mombasa aendaye kufanya kazi Doha. Skrini na igawanywe nusu mbili: upande mmoja nyumba ya kwao inayojengwa, upande wa pili chumba chake na tarehe ya kurudi. Simu huita. Akiipokea, fedha huenda, safu ya matofali huongezeka, na tarehe ya kurudi husogea mbele mwezi mmoja. Asipoipokea, matofali husimama na tarehe hukaribia, lakini simu haikomi kuita. Neno upweke lisiandikwe popote, wala hesabu ya alama isiwekwe.

Baada ya hapo mtunzi amkalishe mtu asiyejua habari hizo, aketi nyuma yake, na ajizuie kabisa kueleza. Mchezaji akiiacha simu iite na mkono wake ukasitasita juu ya kitufe, kanuni imeshika. Akigeuka kuuliza ashinde vipi, mtunzi arudi mezani akatafute ni kitu gani katika skrini kilichomwahidi ushindi, akiondoe, kisha amwite mtu mwingine.