Binti akikosa siku zake: lini aende kituo cha afya

Mama anafungua sanduku la binti yake wa miaka 14 na kukuta pakiti ya pedi haijaguswa tangu mwezi juzi. Mawazo yanakwenda moja kwa moja kwenye mimba. Jioni kunakuwa na kelele, pengine na fimbo, na kesho yake binti hasemi tena na mtu. Wazazi wa Nakivale, Rwamwanja au Kyangwali, hapa Uganda, tafadhali someni hii kabla ya kelele.

Katika miaka miwili au mitatu ya kwanza tangu avunje ungo, hedhi ya msichana haijapata mpangilio. Kwa umri huo, siku 21 hadi 45 ni kawaida, ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kuruka mwezi mmoja hutokea.

Njaa nayo husimamisha hedhi. Mwili usioshiba huweka kando kazi ya uzazi ili moyo na ubongo viendelee. Tangu mgao wa chakula upunguzwe, nyumba nyingi zinakula mara moja kwa siku, na binti mkubwa ndiye anayepakua wa mwisho. Hofu, msiba na safari ya kukimbia vita vinaweza kufanya hivyohivyo. Vilevile kifua kikuu, ugonjwa wa tezi ya shingo, au sindano ya uzazi wa mpango.

Mimba isisahaulike. Kipimo cha mkojo kituoni hutoa jibu kwa dakika chache, na msichana anaweza kushika mimba hata kabla ya hedhi yake ya kwanza. Kama alilazimishwa, msingoje hedhi ikosekane: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kila saa mnayowahi inasaidia.

Mpeleke pia akifika miaka 15 bila kuona hedhi, au 13 bila matiti kuanza kuota, au ikiwa alikuwa akiona vizuri kisha miezi mitatu imepita kimya. Kuna na yule ambaye hajawahi kuona damu, lakini tumbo la chini linamuuma kila mwezi. Huenda damu ipo ndani na njia imezibwa na utando, ambao daktari huufungua kwa upasuaji mdogo. Dawa za kienyeji za "kufungua" haziondoi utando huo, na zinaweza kumdhuru.

Hedhi ikikosekana, kisha yakaja maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu au kuzimia, nendeni saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi inaweza kuua.

Andikeni tarehe ya hedhi ya mwisho mwende nayo. Katika vituo vya serikali mkimbizi hutibiwa bure kama raia. Binti anaweza kuomba muuguzi wa kike, na mkalimani ikihitajika. Mzazi, ukiombwa usubiri nje kidogo, kubali. Kuna maswali ambayo hatayajibu mbele yako. Usipojua pa kuanzia, muulize VHT wa kijiji chako.