Gia Uliyopandia Ndiyo ya Kushukia

Ndugu madereva,

Milima iliyo nyuma ya Nyanza-Lac inapita mita 1500, na ziwa liko karibu mita 770. Kwenye njia za udongo zinazoshuka huko, lori lenye mzigo likitegemea breki peke yake, breki hupata moto na kukosa nguvu. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, wala usizime injini ili kubania mafuta.

Wakati wa mvua udongo huteleza. Ukikuta maji yamekata njia, simama, shuka, pima kina kwa fimbo.

Tajiri akisema "nenda tu" na breki ni mbovu, usibishane peke yako. Njoo chamani, tumwendee pamoja. Mzigo hulipwa, mtu halipiki.