BETRI YA LAND ROVER YA ZAMANI: KUIHAMISHA KUNALIPA LINI?

Wafanyabiashara wa Kilwa na Lindi wanaotafuta gari la kubebea samaki, nazi au ufuta wanaweza kuuziwa Land Rover ya zamani, kama vile Series III iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ambayo betri yake imeondolewa chini ya boneti na kuwekwa chini ya kiti au nyuma kabisa. Muuzaji huweza kuitaja kazi hiyo kama sababu ya kupandisha bei. Kabla ya kukubali, mnunuzi apime kama kweli imeongeza thamani ya gari au imeongeza hatari kwa mtaji wake.

Faida yake

Faida kubwa ni joto. Betri inapofanya kazi katika joto linalozidi nyuzi 25, kila nyongeza ya nyuzi 10 hupunguza maisha yake kwa takriban nusu. Pembeni ya injini, katika hali ya hewa ya pwani, hasara hiyo ni ya kila siku. Viwanda navyo vilishaliona hilo: Land Rover 110 iliyoingia sokoni mwaka 1983 ina betri chini ya kiti cha mbele, Volkswagen Beetle chini ya kiti cha nyuma, na Mini ya 1959 katika buti.

Gharama iko kwenye waya

Stata ya dizeli huweza kuvuta ampea 300. Waya wa shaba wa mita 4 wenye unene wa milimita za mraba 25 utapoteza karibu volti 0.8 kati ya 12. Wa milimita za mraba 50 utapoteza nusu ya hapo. Fundi aliyetumia waya mwembamba amempa mnunuzi gari la kusukumwa. Kwa sababu hiyo, chini ya kiti, ambako waya ni mfupi, ni nafuu kuliko nyuma.

Hata hivyo, si kiti chochote. Katika Series nyingi, tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele cha kulia. Betri isiwekwe huko. Aidha, betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Sanduku lake liwe na tundu la kupitisha hewa kwenda nje.

Waya wa chanya ukipita kwenye bati bila mpira wa kuukinga, mtikisiko wa barabara utaukata, nao ukigusa chasisi gari litawaka. Fyuzi kubwa iliyo karibu kabisa na betri ndiyo kinga. Mwenye bima ya mtu wa tatu pekee akumbuke kwamba gari lake likiungua halipwi kitu.

Waya wa hasi ufungwe kwenye chasisi ya chuma iliyokwanguliwa rangi na kupakwa grisi, si kwenye bodi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, na ikikutana na chuma katika hewa ya chumvi huliwa upesi.

Maji pia yahesabiwe. Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi katika Wilaya ya Kilwa mwezi Mei 2024. Betri iliyoning'inizwa chini ya sakafu ndiyo ya kwanza kuzama.

Ushauri kwa mnunuzi

Nenda na fundi mwenye mita. Apime kati ya kichwa cha chanya cha betri na kile cha stata wakati injini inawashwa: tofauti ikizidi volti 0.5, waya haufai. Tikisa betri kwa mkono, isicheze. Ulizia fyuzi na uione kwa macho.

Vikikosekana hivyo, usilipie uhamisho huo. Toa kwenye bei gharama ya waya mpya, fyuzi na kazi ya fundi, kwa kuwa utazilipa wewe.