Uzi: "AI itachukua kazi zenu." Sawa, lakini inazichukua vipi?

Kila mdahalo wa siasa siku hizi lazima hili lipite. Mwaniaji mmoja anasema akili unde itawamaliza vijana. Mwenzake anajibu ati vijana wajifunze ujuzi wa kidijitali. Mwendeshaji anasema asanteni, tuhamie kwa barabara. Halafu sisi huku mtandaoni tunabaki tukirushiana maneno hadi saa sita usiku.

Sipigii debe mtu. Nasoma sayansi ya siasa, na kwa karibu miaka miwili kodi ya nyumba nimelipa kwa vibarua vya mtandaoni. Hili jambo nimelionja. Hebu twende polepole.

Mashine huwa haiji kuchukua kazi nzima siku moja. Kazi ni furushi la shughuli nyingi, na mashine huchomoa moja moja. Mimi nilikuwa nafanya transkripsheni: unasikiliza sauti, unaandika kinachosemwa, unatenganisha wasemaji, unahakiki majina. Saa moja ya sauti ilinila saa nne, wakati mwingine tano. Siku moja nikafungua akaunti nikapata maandishi tayari yako hapo. Mashine imeshaandika, mimi kazi yangu sasa ni "kuhariri" tu. Malipo ya kila dakika yalikuwa yamekatwa zaidi ya nusu.

Shida ni kwamba saa zangu hazikupungua kwa nusu. Sauti ikiwa safi, ya mtu wa redio, kweli namaliza haraka. Lakini nipe mahojiano ya stendi ya matatu na honi nyuma. Makanga anasema abiria alimpea mbao, yaani shilingi 20. Mashine ikatafsiri ati abiria alimpa makanga mbao za kujengea. Imeandika bila aibu, kwa sarufi safi kabisa, na kama hujui Sheng unapita tu. Kuwinda makosa ya aina hiyo kulinichukua saa tatu nzima. Fanya hesabu mwenyewe uone nani alibaki na faida ya hiyo teknolojia.

Na hakuna mtu aliyeniandikia kuwa nimefutwa. Hapo ndipo midahalo yetu inapotea njia.

Mnakumbuka Kericho, Mei 2023? Mashine za kuchuma chai zilichomwa moto na watu waliosema zimewanyima riziki. Unaweza kukubali au kukataa walichofanya, lakini angalau kila mtu aliona mashine iko shambani na aliyekuwa akichuma yuko nyumbani. Hii yetu inakuja kama badiliko la bei kwenye skrini ya mtu aliye peke yake chumbani. Hakuna wa kuandamana naye. Hata jirani hajui.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akipunguza wafanyakazi kwa sababu nafasi zao hazihitajiki tena, lazima atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, na pia chama cha wafanyakazi kama mfanyakazi ni mwanachama, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika kazini. Karani wa benki ambaye nafasi yake imemezwa na programu ana mahali pa kushika. Mimi sina, maanake kwenye karatasi mimi si mfanyakazi wa mtu, ni "mkandarasi huru". Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia atalinda ajira dhidi ya AI, muulize: ajira ya nani? Ya mwenye barua ya kuajiriwa, ama pia ya huyu wa akaunti?

Kuna wale watasema AI pia inaleta kazi. Ni kweli, na Nairobi tunajua hilo kuliko miji mingi. Mashine hizi hufundishwa na watu wanaokaa wakiweka alama kwenye picha na maandishi: hii ni matusi, hii ni sawa, huyu ni mtu, ile ni gari. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya waliosafisha maandishi kwa ajili ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Na Machi 2024 jukwaa la Remotasks likafunga huduma zake hapa nchini. Watu walilala na kazi, wakaamka bila. Kwa hivyo hesabu ya "nafasi za kidijitali" pekee hainiambii kitu. Nataka kujua zinadumu miezi mingapi na nani anawajibika zikikatika.

Hapo kwa kuwajibika kuna habari nzuri kidogo. Kampuni ya Meta iliposhtakiwa na wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakichuja machapisho ya kutisha, ilijitetea kwamba haiko Kenya wala haifanyi biashara hapa. Mwaka 2023 mahakama ya ajira ikasema ina mamlaka ya kusikiza kesi hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Hiyo haimaanishi wafanyakazi wameshinda. Inamaanisha mlango haukufungwa.

Mlango mwingine ambao watu wengi hawaujui: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35. Una haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine pekee. Kuna hali ambazo sheria inaruhusu, kwa mfano ukiwa umekubali mwenyewe, na ukiangalia vizuri ile mikataba tunayobonyeza bila kusoma utajua kwa nini nacheka. Lakini uamuzi ukifanywa kwa njia hiyo, unaweza kuomba ufikiriwe upya. Na sheria inamfikia hata aliye nje ya nchi, mradi anachakata data ya watu walio Kenya. Akaunti yangu ya pili ilifungwa na mfumo usiku wa Jumapili, salio likiwa ndani. Wakati huo kifungu hiki sikukijua. Niliandika barua pepe tatu, zote zikajibiwa na roboti.

Kuhusu ujuzi, nitasema moja tu. Kinachonilipa leo ni kujua mashine imekosea wapi, na hilo nililijifunza nikifanya kazi ile ya kuchosha ya kuandika neno kwa neno. Kazi za wanaoanza ndizo mashine inachomoa kwanza. Intani aliyekuwa akinukuu rekodi au kufupisha faili za kesi alikuwa analipwa kidogo, lakini alikuwa anasoma kazi. Ukiondoa ngazi hiyo ya chini, ujuzi tunaohimizwa tuupate tutaupatia wapi? Kozi ya wiki mbili na cheti chenye muhuri wa dhahabu haitoshi. Ninavyo vitatu.

Mkienda kwa mikutano, shikeni maswali haya: bei ikikatwa mtandaoni, nani anaweza kulalamika na wapi? Kampuni za nje zinazotuma kazi hapa zitalipa NSSF na SHA za hao watu? Intani wa 2027 atafundishwa na nani?

Nitajibu maswali yenu jioni, nina CAT saa nane. Na tafadhali, anayetaka kuniuzia kozi asinitumie ujumbe.