Bafu la starehe huanzia kwenye tangi
Wengi wanaotaka bafu la nyumbani lifanane na la hoteli hukimbilia kununua marumaru na bomba pana la mvua. Kwanza tazama tangi. Likiwa mita 2 tu juu ya bomba, msukumo wa maji ni sehemu ya tano ya ule wa mita 10, na bomba pana litadondosha tu. Liinue au funga pampu ndogo.

Kisha fundi aipe sakafu mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, apake dawa ya kuzuia maji, ndipo aweke marumaru zisizoteleza. Ukiruka hatua hizo, maji yakivuja utazibomoa na kununua nyingine. Dirisha la juu litatoa mvuke na kuzuia ukungu. Mapambo yafuate, fedha ikibaki.