Kasi ya kubofya haiko kwenye kidole

Shika mkono wako wa kulia kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, kisha bofya kipanya haraka haraka kwa kidole cha shahada. Utahisi nyama ikichezacheza. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika hapo, kwa sababu kidole chenyewe hakina misuli. Kinavutwa kwa kano ndefu: misuli ya upande mmoja hukikunja, ya upande wa pili hukiinua.

Kwa hiyo kijana anayeminya mpira kila jioni ili abofye upesi kwenye gemu anajichosha bure. Kinachokwamisha kasi si upungufu wa nguvu. Ubongo unatakiwa kuiamuru misuli ya kukunja, kuinyamazisha, kuiamuru ile ya kuinua, na kuanza upya. Zamu zikienda mbio mno, pande zote mbili hukaza kwa pamoja na kidole huwa kizito. Watu wengi hukomea mibofyo 5 hadi 7 kwa sekunde, na hata hiyo hushuka baada ya sekunde chache tu.

Ndiyo maana kipimo cha sekunde 1 hakifai. Wataalamu wa ubongo, ambao wana kipimo chao cha kugongesha kidole, wamezoea kuhesabu kwa sekunde 10, kurudia mara kadhaa kwa kila mkono na kuchukua wastani. Mchezaji afanye vivyo hivyo, na alinganishe sekunde 5 za mwanzo na 5 za mwisho. Pengo kati yake likipungua, mazoezi yamezaa matunda.

Huko Japani, Toshiyuki Takahashi wa kampuni ya Hudson alipata umaarufu miaka ya 1980 kwa kubonyeza kitufe mara 16 kwa sekunde. Yeye huyohuyo aliwahimiza watoto wacheze gemu saa 1 tu kwa siku. Leo wapo wanaotafuta kasi kubwa kwa kukakamaza mkono mzima mpaka utetemeke, na mtetemo huo ndio unaobofya. Siipendekezi njia hii hata kidogo: inabana kano na kuharibu shabaha. Afadhali kupokezanisha vidole viwili juu ya kitufe, ingawa baadhi ya seva za gemu zinakataza. Na faida yenyewe imepungua. Gemu ya Minecraft ya Java, ambako ushindani huu ulishamiri, ilibadilishwa mwaka 2016 katika toleo la 1.9; tangu hapo ukirusha pigo la upanga kabla ya lile la kwanza kutimiza muda wake, linatoka dhaifu.

Anayetaka kuongeza kasi apashe mikono joto kwanza, maana baridi hupunguza mwendo wa taarifa kwenye mishipa ya fahamu. Abofye kwa mdundo anaoumudu bila kukaza bega, aongeze kidogo kidogo, apumzike kila baada ya raundi fupi. Kifundo cha mkono kibaki kimenyooka.

Kwenye kifundo hicho kano 9 hupita katika mfereji mwembamba pamoja na mshipa wa fahamu unaohudumia dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kano zikivimba, mshipa unabanwa. Vidole hivyo vikianza kufa ganzi au kuchomachoma, hasa usiku, acha kubofya. Hali ikiendelea, au ukianza kuangusha vitu, nenda hospitali mapema, kabla misuli iliyo kwenye shina la dole gumba haijaanza kunywea.